Farasi wa Chokaa na Kimya cha Masuda

Sasa kwa kuwa Masuda amerudi, na amekaa hapa hapa benchini akanywa kahawa yetu, naweza kuisimulia habari hii kwa raha. Benchi letu liko uchochoroni Naif, mtaa wa Deira hapa Dubai, mbele ya duka la Taib la kusafirisha mizigo, pale kuta mbili zinapotupa kivuli Ijumaa baada ya Alasiri. Mimi hufunga mizigo dukani humo. Kahawa anapika Taib mwenyewe, tangawizi nyingi, sukari hamna. Wa kwanza kufika siku zote ni Kadhi, jina lake halisi Thuwein, mzee wa asili ya Unguja aliyezaliwa Deira, ambaye hukata kila shauri hata asiloletewa. Wa pili ni Redio, yaani Fanuel wa Kakamega, dereva wa hoteli, mwenye habari za kila nchi na hajafika hata moja ila kwao na hii. Wa tatu ni Jamiru, Mganda wa Masaka, mlinzi wa maghala kule Dubai Investments Park, mtu wa maneno machache. Masuda ni mdogo wake wa kike, mfanyakazi wa nyumbani kwa familia moja ya hapa.

Kiangazi kile mabosi wa Masuda walikwenda kupumzika Uingereza. Walimchukua ili amwangalie Bibi Hind, mama yake madam, mtu mzima anayetembelea kiti cha magurudumu. Walipanga nyumba kijijini, mbali na London, na Masuda akawa anamtumia kaka yake picha kwa WhatsApp. Tuliona kanisa la mawe lililozungukwa na makaburi yaliyoinama. Tuliona kinu cha maji ambacho gurudumu lake bado linazunguka, na ngome kubwa isiyo na paa, kondoo wanakula majani getini. Simu ya Jamiru ilikuwa ikipita mkono kwa mkono, nasi tukawa watalii bila kuinuka.

Picha ya mwisho ilikuwa ya farasi mweupe, kachorwa kwa chokaa ubavuni mwa mlima, mkubwa kushinda uwanja wa mpira. Baada ya farasi huyo, kimya. Ijumaa ikapita, ikapita nyingine. Simu haiingii. Jamiru alimpigia dereva wa nyumba ile, aliyebaki Dubai, akaambiwa familia imeshuka London madukani, yule binti kaachwa kijijini pamoja na bibi. Zaidi ya hapo dereva hakujua kitu.

Benchi likaanza kazi yake. Redio alisema kwanza kuwa ni bando tu limeisha, huko data ni ghali. Lau angeishia hapo tungelala salama. Lakini alivuta picha ya ngome, akaikuza kwa vidole, akauliza kwa nini nyumba ya kifalme haina paa. Akajijibu kuwa ngome za Waingereza zilikuwa jela, na jela haiachi kazi yake kwa sababu ya uzee.

— Msee, wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hiyo ngome unaona ilivyovunjika? Haikusikia.

Kadhi alimwambia methali hiyo haihusu majengo. Tukadhani ataleta busara, naye akaleta farasi. Alisema mnyama mkubwa vile hachorwi bure, na farasi asiye na mpandaji ni farasi anayemngoja mtu. Redio akadaka hapo hapo: kuna siku, alisema, wanakijiji hupanda mlimani na mataa, na mgeni ndiye hutangulizwa mbele. Kama mgeni huyo hurudi, hakusema.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, Kadhi alimalizia, na safari hii methali ilikuwa mahali pake, ndiyo maana iliuma.

Nikamtazama Jamiru. Kikombe chake kilikuwa kimejaa, kimepoa. Alikuwa hawasikilizi.

— Mimi siogopi farasi, alisema. Naogopa amekimbia.

Sote tunajua watu waliosafiri na mabosi wao wakaingia mlango wa duka huko ng'ambo wakatokea mlango mwingine. Wengine wamefanikiwa. Wengine mama zao hawajasikia sauti zao tena. Jamiru alieleza polepole kwamba yeye ndiye aliyemwombea Masuda kazi kwa madam, na mama yao pale Masaka alimkabidhi yeye kama mtu anavyokabidhi mtoto kwa fundi wa kutahiri, akiwa amefumba macho. Kama ameamua kupotea, alisema, apotee akiwa mzima, lakini angalau aseme. Redio alizima simu, akamrudishia kwa mikono miwili. Ijumaa ile tulitawanyika mapema.

Ijumaa iliyofuata tulikaa bila hadithi. Taib alikuwa anamimina duru ya kwanza, ndipo mwanamke mwenye baibui na mfuko wa plastiki akatokea kona ya uchochoro, akasimama, akatoa salamu. Jamiru aliinuka, akakaa tena. Masuda akaja akampigia magoti kidogo, kwa adabu ya kwao, na Jamiru akamshika kichwa kwa mikono yote miwili kama anayepima tikiti maji. Kadhi alisogea benchini, akageuka akajishughulisha sana na kupangusa miwani.

Kumbe simu ilitumbukia majini. Masuda alisimulia kuwa palikuwa na kidaraja cha mbao karibu na kinu, naye alipoinama kuinua gurudumu la kiti, simu ikateleza ikaenda na maji. Bibi Hind alikuwa na kisimu chake cha vitufe kinachompata madam tu, na Masuda namba ya kaka yake hakuwa nayo kichwani. Basi wakaendelea kutembea, maana bibi hakukubali kukaa ndani hata siku moja. Kijiji kile kina njia za miguu zinazopita katikati ya mashamba ya watu, na hakuna anayekufukuza.

Siku moja bibi alitaka kumwona farasi kwa karibu. Wakiwa juu mlimani, ukungu ukashuka, wasione njia wala farasi. Wakabaki wawili na kondoo. Aliyewatoa ni mwanamke wa Jinja, Peninah, anayehudumia wazee kwenye nyumba moja jirani, aliyekuwa akitembeza mbwa wa watu. Alimsikia Masuda akiimba Kiganda ili bibi asiogope. Bibi aliposinzia kitini, Peninah alimwambia Masuda kwa Kiganda kwamba ana chumba, na kwamba huku mtu akiamua, anabaki.

Jamiru aliuliza swali lake moja tu.

— Ukamjibu nini?

— Sikumjibu, kaka. Nilikuwa nimeshika kile kiti. Mlima unateremka. Ningekiachia kingekwenda.

Jamiru alicheka, machozi yakamtoka, akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo. Taib akamwongeza bila kuombwa.

Ndipo Redio alipopata nguvu. Akataka kujua yule farasi ni wa nini hasa. Masuda akasema wenyeji wenyewe hawajui, kila mmoja ana lake, na Redio akafurahi kama aliyeshinda kesi. Kadhi akauliza kama ni kweli Waingereza wanalipa kiingilio kutazama kuta zilizoanguka. Masuda akasema wanalipa, na wanabeba mikate wakaile hapo kutwa. Tukavisifu vijiji vya Waingereza hadi kivuli kikahama.

— Pale ngomeni, Masuda alisema, mzee mmoja alimuuliza bibi kwao kuna nini cha kutazama. Bibi akasema yeye ni wa Hatta, Dubai hii hii. Kuna milima, kuna minara ya zamani ya walinzi, kuna bwawa. Akasema ni kuzuri kushinda huko, ila watu hawaendi.

Alitutazama mmoja mmoja, kwa heshima kabisa.

— Nyinyi mko hapa miaka. Hatta kukoje?

Redio alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa. Mimi nilikagua fundo la mzigo ambalo halikuwa na kosa lolote. Na Kadhi, aliyezaliwa Deira, aligeuka taratibu akatazama upande ambao, kwa kukisia, ndiko iliko milima.