Boaz Khamala, Aliyeomba Mlango

Kaka yangu Boaz Khamala alizaliwa hapa Kimilili tarehe 9 Machi 1954, kifungua mimba wa mama yetu Rosebella, ambaye leo anamzika.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1969, akaenda Nairobi kukata nyama Kawangware. Huko mwalimu mmoja wa chuo cha mifugo alimwona akipasua uti wa mgongo wa mbuzi bila kuujeruhi ugwe mweupe ulio ndani, akamwajiri maabarani mwaka 1978. Kwa miaka kumi na tisa marehemu aliukata ugwe huo vipande vyembamba na kuutia rangi, ili wanafunzi waone njia ambazo habari za mguu hupanda nazo hadi kwenye ubongo. Cheti hakuwa nacho, lakini madaktari wengi wa mifugo walisomea kisu chake.

Alimwoa Nelima mwaka 1981, wakakaa Kisumu Ndogo, Kibera. Jioni watoto walifumba macho, naye akawagusa nyayo kwa kijiko: "Wapi hapo?" Wakipatia, alisema, "Basi habari imefika juu." Hata mimi alinivua viatu mbele ya mchumba wangu.

Jumamosi, tarehe 3 Mei 1997, alianguka akiziba paa lililovuja. Alilala matopeni akipiga kelele: "Wacheni, msiniinue! Ng'oeni mlango, mnilaze juu yake!"

"Mzee amechanganyikiwa," jirani yetu Mulwa akasema. "Austin, shika miguu twende."

Nilishika miguu. Tulimkunja, tukampakia kwenye mkokoteni. Hospitalini walituambia ugwe umekatika, na kwamba pengine ulikatika alipoanguka. Pengine. Neno hilo limeninyima usingizi.

Miezi mitatu marehemu hakuhisi chochote chini ya kifua. Vidonda vya kulalia vilimmaliza. Jumatano, tarehe 13 Agosti, nilikaa miguuni pake na kile kijiko, machozi yakinitoka, nikashindwa kumgusa. Alikuwa amefumba macho.

"Kidole kikubwa," akasema. "Nimesikia, Austin. Usilie."

Sikuwa nimemgusa. Alfajiri alifariki.

Ameacha mama, mjane Nelima, binti zake Nanyama na Lavender, na mimi mdogo wake.

Nanyi mtakaobeba jeneza, nawasihi: lishikeni sawasawa, polepole, asikunjike humo ndani. Kaka, lala kwa amani.