Slaidi Moja, Majina Matano: Maisha ya Dokta Aili Kangas (1930–2011)

Marehemu Dokta Aili Maria Kangas aliingia katika familia hii kwa njia ya biashara. Ilikuwa Oktoba 1959, hapa hapa Duluth. Reino Kangas, ambaye leo ndiye anayesoma wasifu huu, alikuwa akiuza hadubini zilizokwisha kutumika, akizipeleka hospitali hadi hospitali kwa gari lake. Aliteremka kwenye maabara moja ya chini, akamkuta mwanamke mfupi mwenye koti jeupe, akamwuliza daktari yuko wapi.

"Umeshamwona," mwanamke alisema. "Weka hapo mezani."

Aliikagua ile hadubini kwa saa nzima. Reino alisifia lenzi, akasifia chuma, mwishowe akaishiwa na sifa.

"Lenzi hii ina ukungu pembeni," Aili alisema.

"Ni vumbi tu, dada. Ukifuta linatoka."

"Nimeshafuta. Niachie mwezi mmoja. Ikinidanganya utakuja kuibeba mwenyewe."

"Na isipokudanganya?"

"Nitaichukua, na wewe utaniongezea lenzi nyingine juu yake."

Reino hakuzoea kubanwa namna ile. Mwezi ulipokwisha alirudi na lenzi ya pili, na kwa kuwa mgongo ulikuwa ukimsumbua, alikuja na mdogo wake Eino amsaidie kubeba masanduku. Wiki iliyofuata Eino alirudi tena, safari hii bila sanduku.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1930 katika mji wa Virginia, Minnesota, mtoto wa pili wa Toivo na Hilja Lehto. Baba yake alichimba chuma mpaka mapafu yakamgomea. Aili alisoma shule za palepale Virginia, kisha chuo kikuu Minneapolis, akahitimu udaktari mwaka 1955 na kubobea katika patholojia mwaka 1959. Majirani walipomwuliza mama yake binti anatibu nini, Hilja alijibu, "Hatibu. Anawaambia wanaotibu kitu wanachotibu."

Hakuna aliyeieleza kazi yake vizuri zaidi. Kwa miaka thelathini na sita marehemu aliletewa tezi zilizokatwa shingoni na kwapani mwa watu. Zilizamishwa kwenye nta, zikakatwa nyembamba kuliko karatasi, zikatiwa rangi na kubandikwa kwenye slaidi za kioo. Yeye alitazama, kisha akaandika jina. Mgonjwa alipewa dawa za jina lile aliloandikiwa, si za jina jingine.

Taabu ni kwamba saratani za tezi, yaani limfoma, hazikuwa na majina yaliyotulia. Kila kundi la wakubwa wa fani hiyo lilikuwa na orodha yake. Uvimbe uleule uliitwa hivi Chicago na vile Ujerumani, na kila baada ya miaka michache orodha ilibadilika. Wenzake wengi waliishika orodha mpya na kuzisahau slaidi za zamani. Aili hakufanya hivyo. Kila orodha ilipobadilika alizitoa slaidi za zamani, akazisoma upya, akabandika lebo mpya juu ya ile ya kwanza bila kuibandua. Slaidi zake zilikuwa nene hadi droo zikakataa kufungwa.

"Si ungebandua hizo za chini?" mafundi wa maabara walimlalamikia.

"Anayekuja baadaye aone tulikosea wapi," alijibu.

Aili na Eino walifunga ndoa tarehe 17 Juni 1961 katika kanisa hili la Kilutheri. Eino alipakia mawe ya chuma kwenye meli bandarini. Binti yao Marjatta alizaliwa mwaka 1963. Jumamosi wote walikwenda kuoga sauna, bafu la mvuke, nyumbani kwa Reino, na baada ya kahawa Aili na shemeji yake walibishana kuhusu kitu chochote kilichokuwa mezani.

Septemba 1968 Eino alipata uvimbe shingoni. Hospitali ilikuwa na mwanapatholojia mmoja tu, naye alikuwa mkewe. Aili aliisoma slaidi ya mumewe mwenyewe. Aliona chembe kubwa, yaani seli, zimetapakaa, na katikati yake chembe moja yenye viini viwili, kama macho ya bundi. Chembe ya namna hiyo ni dalili ya ugonjwa wa Hodgkin, aina mojawapo ya saratani ya tezi, lakini moja haikutosha. Slaidi zenye shaka zilikuwa zikitumwa kwa posta kwa wakubwa, na majibu yalichukua wiki tatu. Zake zote za shaka alikuwa akizituma. Hii hakuituma. Aliandika jina ambalo vitabu vya siku zile vilimruhusu: saratani ya chembe za wavu, yaani za nyuzi zinazoishikilia tezi.

Wakati huo kulikuwa na majaribio ya dawa nne kwa pamoja upande wa mashariki ya nchi, kwa wagonjwa wa Hodgkin. Jina aliloandikiwa Eino halikuwa hilo. Alichomwa kwa mionzi tu, na tarehe 3 Agosti 1969 akafariki akiwa na miaka thelathini na saba. Reino alinunua kiwanja cha kaburi kule kilimani, na nafasi ya pembeni ikaachwa kwa ajili ya mjane.

Mwaka 1975 wakubwa waligundua kwamba zile zilizoitwa chembe za wavu, nyingi zilikuwa chembe za limfu zilizovimba. Aili akabandika lebo ya pili kwenye slaidi ya Eino. Mwaka 1982 ilikuja orodha ya maafikiano, iliyopanga limfoma kwa ukali wake ili madaktari waweze kuelewana. Lebo ya tatu.

"Jina jipya limemfufua?" Reino alimwuliza.

"Hapana, shemeji."

"Basi mwache alale."

Hakumwacha. Mwaka 1990 zilipatikana rangi zinazoshika alama za chembe hata kwenye nta ya zamani. Alikitoa kipande cha tezi ya Eino kilichokaa kwenye nta stoo miaka ishirini na miwili, akakitia rangi. Kilikuwa Hodgkin. Lebo ya nne. Jioni hiyohiyo alikwenda kwa Reino na kumwambia, Marjatta akiwa palepale jikoni.

"Angepona?" Reino aliuliza.

"Wengine walipona. Si wote."

"Na hukuituma kwa wakubwa zako. Bingwa wewe. Kwa nini?"

Aili aliinuka mezani. Kisha akachukua koti lake.

"Kaburini kwa ndugu yangu hulali," Reino alimwambia mgongoni. "Kiwanja ni changu."

Walikaa miaka ishirini na moja bila kusemezana. Marehemu alistaafu mwaka 1995. Mwaka 2001 ilitoka orodha ya dunia nzima, ikabadilisha neno moja tu: ugonjwa wa Hodgkin ukaitwa limfoma ya Hodgkin. Marjatta anasema mama yake, ambaye wakati huo hakuwa mwajiriwa wa mtu, aliomba ruhusa, akaingia maabara na kubandika lebo ya tano.

Januari 2011 yeye mwenyewe alivimba tezi. Aliomba asome slaidi yake. Ilikuwa limfoma, na jina lake katika orodha ya wakati huo lilikuwa refu na liliishia na neno "isiyoainishika". Marjatta anasema alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamwita Reino hospitalini.

"Nataka nafasi yangu," alisema.

"Na mimi nitapata nini?"

"Hadubini yako. Na slaidi ya Eino."

"Ina ukungu pembeni."

"Nilikwambia tangu mwanzo, ukasema vumbi."

Reino alichukua sanduku lenye hadubini na slaidi, akaenda nalo nyumbani, akaiweka slaidi chini ya lenzi na kutazama. Aliona madoadoa ya zambarau. Ndugu yake hakumwona, wala Hodgkin, wala wavu.

Lakini alikumbuka Septemba 1968. Aili alikuwa ameshafunga bahasha ya kwenda kwa wakubwa. Reino ndiye aliyeichukua mezani. "Wiki tatu? Unataka ndugu yangu asubiri posta? Andika jina, waanze kumtibu," alimwambia. Bahasha ilirudi kwenye droo. Jikoni mwaka 1990 marehemu angeweza kuyasema hayo mbele ya binti yake. Hakuyasema siku ile wala siku nyingine. Reino anayasema leo ili Marjatta ayasikie.

Kesho yake alirudi hospitali kumwambia nafasi ni yake. Aili aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyepokea risiti. Alifariki tarehe 19 Februari 2011, saa tatu asubuhi, na mwili wake ukahifadhiwa mpaka barafu ya ardhini ilipoyeyuka na kaburi likachimbika. Leo, tarehe 7 Mei, tunamzika ubavuni mwa mumewe.

Ameacha binti yake Marjatta na mkwewe Dale Novak, wajukuu Kirsten na Paul, na shemeji mmoja. Katika mapatano ya mwisho marehemu alipata futi sita za ardhi, ambazo zilikuwa haki yake tangu mwaka 1969. Shemeji alipata hadubini, slaidi yenye lebo tano, na ukimya wa miaka ishirini na moja ambao hakuwahi kuulipia.

Dokta, sasa weka kalamu chini. Pumzika na Eino kwa amani.