Saa za Baada ya Hodi: Tunamuaga Bi Zuleikha

Alhamisi hii, tarehe 30 Aprili 2026, Bi Zuleikha Makame Juma anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi katika Idara ya Ustawi wa Wafanyakazi hapa Doha. Mkataba wake ulikuwa bado una miaka miwili mbele. Tangazo lilipobandikwa ubaoni watu walilisoma, wakaondoka, wakarudi kulisoma tena, na Abdallah wa mapokezi akaenda kuuliza kama si kosa la uchapaji. Mimi, ambaye meza yangu inatazamana na yake muda wote huo, sikuwa na fununu yoyote. Ninaandika haya bado nimepigwa na butwaa, kwa hiyo msomaji anisamehe nikiyumba.

Bi Zuleikha ni mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Alisomea uhasibu Dar es Salaam, akaja hapa kuwa karani wa mishahara. Ni mtu wa sauti kubwa, buibui lisilo na mkunjo na hukumu za papo kwa papo. Harufu ya udi wake hufika kwenye lifti kabla yake. Mashine ya fotokopi aliigombeza kila asubuhi kama mkwe mvivu, na ajabu ni kwamba ilimtii yeye tu. Wazazi wa kampuni hii aliwajua kwa majina ya watoto wao, si vinginevyo. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kuandikiwa barua pepe inayoanza “Baba Virginia,” naye akajibu bila kunung’unika.

Kazi iliyomjengea jina ilianza kampuni ilipoanzisha mpango wa walezi wa nyumbani. Hawa ni wake za wafanyakazi wenzetu, wanaowatunza watoto wa wengine majumbani mwao, mitaa ya Najma na Al Thumama, wakati wazazi wako zamu hotelini au barabarani. Katika baadhi ya nchi mlezi wa namna hii hupunguziwa kodi, kwa sababu sehemu ya umeme, maji na gesi ya nyumba yake inaliwa na kazi. Hapa mishahara yetu haikatwi kodi, basi kampuni ikaliazima wazo hilo ikatoa posho ya matumizi ya nyumba. Kipimo ni kilekile: saa ambazo nyumba ilikuwa kazini. Saa zikiwa nyingi, sehemu ya bili inayorudishwa huwa kubwa.

Kuzikokotoa saa hizo alikabidhiwa Bi Zuleikha, na hakuwa na upendeleo. Shoga yake Halima, mmoja wa walezi, aliwahi kuandika jioni nzima aliyowapeleka watoto bustanini. Bi Zuleikha aliifuta yote, akamwambia kwamba taa za bustani halipii yeye. Walinuniana mpaka Idi. Lakini mlezi aliyesahau kuandika muda wa kufua zulia lililomwagiwa uji, Bi Zuleikha alimwongezea bila kuombwa. Kwake, nyumba ilikuwa mfanyakazi kama sisi, na alitaka ipate haki yake.

Kanuni ya kuhesabu aliitunga mwenyewe: kazi inaanza mtoto anapoingia, inaisha mzazi anapopiga hodi. Wote tuliiona sawa kabisa. Mtu akishapiga hodi na kukaribishwa, huyo ni mgeni, na hatujawahi kuona mgeni anapimiwa saa. Sidhani kama mtu wa kwingine angeitunga kanuni ya namna hiyo, wala sidhani kama sisi tungetunga nyingine.

Mwaka jana uongozi ukatangaza kwamba nyumba zenye saa chache zitaondolewa kwenye mpango. Iliyokuwa ukingoni kuliko zote ni ya Proscovia, Mganda anayeishi Najma. Bila posho asingeweza kuendelea kulea. Na bila Proscovia, Carolyne, msimamizi wa usafi hotelini, angelazimika kumrudisha binti yake Fiona, wa miaka mitatu, kwa nyanya yake, kwao Kitale, yeye na mumewe wabaki hapa wakimwona kwenye simu. Walikuwa wameshaanza kuulizia nauli ya mtoto.

Bi Zuleikha akapanda basi kwenda Najma kujionea kwa nini nyumba iliyojaa watoto ina saa chache vile. Alifika jioni, wakati ambao kwa mujibu wa kumbukumbu kazi ilikuwa imekwisha. Alimkuta Carolyne amelala fofofo kwenye mkeka, bado na sare ya hoteli. Mama mwingine alikuwa anakula. Watoto walikuwepo wote, mmoja bafuni anaogeshwa, wengine wanasubiri zamu yao huku wakipigania ndoo. Kiyoyozi kinanguruma, mashine ya kufulia inazunguka, sufuria iko motoni. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku, mpaka chakula cha jioni kiishe. Bi Zuleikha akauliza kwa nini saa hizo haziandikwi. Proscovia alishangaa kuliko yeye.

“Si amepiga hodi, Mama?” alisema. “Sasa mgeni wangu nimwandikie masaa?”

Kesho yake Bi Zuleikha aliingia ofisini uso umemsawijika. Alikaa bila hata kuigombeza fotokopi. Kisha akasimama akatuambia wote kwamba kanuni yake imekuwa ikiwanyima walezi saa nzito kuliko zote za siku, miaka nenda miaka rudi, na wao wakimshukuru kwa kuwatendea haki. Kosa ni lake, akasema, na mtu asimfariji. Nilishtuka. Sikuwahi kumsikia akikosea hesabu, sembuse kukiri.

Tulidhani kilichobaki ni rahisi: saa ziongezwe. Walezi wakakataa. Proscovia alisema bora afunge nyumba kuliko kujulikana Najma nzima kama mwanamke anayempimia mtu aliyechoka sahani ya chakula. Wengine wakamuunga mkono. Na ubaya ni kwamba Bi Zuleikha, kwa malezi yake ya Makunduchi, hakuweza kuwapinga kwa moyo mmoja. Kwa siku kadhaa alizunguka ofisini akijibizana na hewa.

Jawabu alilipata mlangoni kwa Proscovia, alipokuwa anavua viatu kwenda kubembeleza kwa mara nyingine. Nyumba zote za walezi viatu huachwa mlangoni. Akapendekeza wahesabu viatu vya watoto tu: kiatu cha mtoto kikiwa mlangoni, nyumba iko kazini. Mzazi ale, alale, aoge, yeye hayumo kwenye hesabu kabisa. Proscovia akakubali kwamba watoto, kwa kweli, ni kazi.

Saa zikapanda. Zilipanda mno, kiasi kwamba Bwana Herbert, meneja wetu wa fedha, alirudisha jibu siku ileile: hesabu ni halali, bajeti ya idara haiwezi. Wiki iliyofuata ikaweza. Tulishangilia, Abdallah akaleta halua, na hakuna kati yetu aliyejiuliza imewezaje. Proscovia akabaki kwenye mpango, na Carolyne akaacha kuulizia nauli.

Jumapili iliyopita tulikutana kupanga hafla ya kumuaga. Bwana Herbert, akidhani tunajua, alitukumbusha kwamba nafasi ya Bi Zuleikha haitajazwa, kwa kuwa yeye mwenyewe aliomba ifutwe ili mshahara wake ugharamie saa za walezi. Abdallah, aliyekuwa ameshika sahani za hafla, aliziweka chini. Nami niseme wazi kwamba sikuguswa kwanza, nilikasirika. Alikula chakula cha mchana nasi kila siku miezi yote hiyo, akatutania, akatukopa chumvi, na hilo hakulitamka.

Habari ikafika Najma kabla ya jua kuzama. Jumatatu walezi walikuja ofisini na watoto wao wote, mapokezi yakageuka uwanja. Walitaka saa zao zirudishwe kama zamani ili Bi Zuleikha abaki. Carolyne, aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu, alisema kwa niaba yao: “Sisi tutajipanga, Madam. Wewe kaa tu.”

Bi Zuleikha alimaliza kwanza ukurasa aliokuwa anaupitia.

“Friji nimeshaiuza, jamani,” akawaambia. “Rudini nyumbani, watoto hawajala.” Wakawakusanya watoto, wakaenda.

Bi Zuleikha, hasira yetu itapoa, ila si wiki hii. Tunakushukuru kwa ukali wako, kwa udi, na kwa kila saa uliyoifuta na uliyoirudisha. Ufike salama nyumbani kwa wajukuu, na miaka iliyo mbele yako ikutendee wema, uwe na afya na usingizi wa mchana. Fiona anaanza chekechea Septemba, hapa hapa Doha.

Dominiko, meza ya mkabala, kwa niaba ya Idara