Mama Mnara na Dirisha la Chumba cha Giza

Ndugu, majirani na marafiki mliokusanyika, familia imemtuma kaka mkubwa wa marehemu awasomee maisha ya dada yake, naye, ndiye huyu asomaye, ameomba kwanza asahihishe jambo moja, kwamba katika matangazo yaliyobandikwa tangu juzi jina lake limeandikwa "Mama wa Mnara", wakati jina alilolijua na kuliitikia ni Mama Mnara, basi, na mtu aliyeishi miaka sabini na miwili akiwasahihisha wenzake hastahili kuzikwa na kosa.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako baba yao alikuwa karani wa vipuri, akiwa mtoto wa tatu na binti wa pekee, na mama yao alikuwa akisema kwamba huyu alizaliwa amekunja uso kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1958, na ripoti yake ya kwanza ilisema ana akili lakini anawachosha walimu, kwa sababu kila hadithi ikiisha yeye hunyoosha mkono kuuliza waliobaki nyumbani walipatwa na nini. Mwaka 1965 alijiunga na sekondari ya wasichana, na huko, akiwa kidato cha tatu, alikuta maktabani riwaya nene ya kale, yenye jalada lililoliwa na mende, iitwayo *Bibi Arusi wa Mnarani*. Kwa wasioijua, ni habari ya msichana anayeolewa katika jumba kubwa juu ya kilima, lenye mnara uliofungwa na nyayo zinazosikika darini kila jioni, na mumewe anafariki bila kumwambia kuna nini huko juu, watumishi wanakimbia mmoja mmoja, na katika sura ya mwisho bibi arusi anachukua taa, anapanda peke yake, anakuta chumba kitupu chenye kiti kimoja na dirisha lililopigiliwa misumari, anaing'oa misumari, anafungua dirisha, anakaa kwenye kiti, anaagiza chai. Jumba ni lake tangu saa hiyo, na hofu imekwisha. Marehemu aliisoma sura hiyo mara nyingi mpaka mkutubi akamwambia aache na wenzake wakiguse kitabu.

Agosti 1968 kaka yake alimpeleka sinema kutazama filamu iliyotokana na kitabu hicho, akidhani anamfurahisha, lakini katika filamu hiyo mnara uliungua moto na bibi arusi akatolewa dirishani amezimia, amebebwa begani na binamu daktari ambaye kitabuni anatokea ukurasa mmoja tu, tena ana mafua. Marehemu alitoka ukumbini, akaenda moja kwa moja kwa muuza tiketi, akamweleza makosa yote, na yule mama wa watu, aliyekuwa akila karanga, akamjibu kwamba yeye anauza viti tu, mambo ya mle ndani hayajui. Huo ndio ulikuwa uhakiki wake wa kwanza.

Alisomea upigaji picha za eksirei kuanzia 1970, akafuzu, na tarehe 2 Julai 1973 akaajiriwa katika hospitali kuu, idara ya eksirei, ghorofa ya chini, alikofanya kazi hadi alipostaafu Machi 2011 akiwa mkuu wa idara. Wakati huo picha zilisafishwa kwa dawa katika chumba cha giza, na chumba kile kilikuwa na dirisha, na watu wenye joto walikuwa wakilifungua bila kuuliza, wakaunguza kwa mwanga kazi ya asubuhi nzima. Marehemu alilipaka kioo chake rangi nyeusi, akamwita seremala, akamwamuru aweke komeo kichwa chini, lifunguke kwa kushushwa badala ya kupandishwa, ili asiye wa idara akihangaika nalo achoke na aondoke. Hakuwaambia watu wengi siri ya komeo hilo, na lilimtii miaka yote.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na fundi redio wa mtaa wa pili, aliyepo hapa mbele yetu, ambaye posa yake ilikubaliwa, kwa maelezo ya marehemu mwenyewe, baada ya kumrekodia kwenye kanda mchezo wote wa redio wa *Bibi Arusi wa Mnarani* bila kukosa hata sehemu moja. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni mwalimu wa hesabu, wa pili ambaye ni mshonaji wa nguo za harusi, na kitinda mimba wao wa kiume ambaye ni nahodha wa timu ya posta, na wote walilelewa wakijua kwamba kukitokea mnara kwenye televisheni hakuna ruhusa ya kuongea.

Hii ndiyo kazi yake ya pili, isiyokuwa na mshahara, iliyompa jina. Kila mara mtu yeyote, popote, alipoigeuza riwaya ile kuwa filamu, mchezo wa jukwaani, vikaragosi, ngoma isiyo na maneno, kitabu cha picha, au ile katuni ambamo wahusika wote ni bata, marehemu aliitafuta, akaitazama hadi mwisho, akaandika uhakiki wa ukurasa mmoja, akaubandika kwenye ubao wa matangazo wa idara, pembeni ya ratiba ya zamu. Mfagizi wa idara ndiye aliyeanza kumwita Mama Mnara, wagonjwa wakafuata, na wako waliokuja na kikohozi cha kawaida wakiomba wapigwe picha ili wasome ubao. Alikuwa na sheria moja isiyo na rufaa, kwamba anayemtoa bibi arusi mnarani, kwa moto, kwa farasi au kwa binamu, hapiti alama sita kati ya kumi. Tangu 1968 hakuna aliyepita. Binti mkubwa alipoziweka hakiki zote kwenye mtandao, watu wa mbali wakaanza kumwandikia, wengine wakimbembeleza walau awape sita na nusu, naye akiwajibu kwa heshima kwamba nusu ni za saizi za viatu.

Miongoni mwa waliohukumiwa yupo mwongozaji wa michezo ya jukwaani ambaye mji mzima unamwita Kofia, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila kofia kichwani. Mwaka 1994 alipata tatu. Alikuja hospitali asubuhi akiwa na karatasi ya uhakiki mkononi, amevimba kwa hasira, akajikuta kwenye foleni, na marehemu, akiwa ndani ya aproni yake nzito ya risasi ya kuzuia mionzi, hakutazama sura, akamsimamisha mbele ya mashine, akamwambia avute pumzi na asiiachie. Mtu huyu alivuta pumzi. Picha ilipotoka ndipo akapata sauti ya kujitambulisha, na marehemu akaiinua picha kwenye mwanga, akaitazama kwa makini, akamwambia, "Mapafu yako mazima, baba. Anayeumwa ni mwisho wa mchezo wako." Kofia aliondoka na picha yake. Aliuweka mchezo tena mwaka 2003 akapata tano, na mwaka 2015 akapata sita, na kati yao wakawa wanaamkiana, lakini Kofia alipomwomba amsaidie kupanga mwisho, marehemu alikataa, akisema kwamba anayeonja hapiki.

Mapema mwaka 2021 marehemu alianza kuchoka akipanda ngazi. Daktari wa moyo alipomwonyesha picha ya kifua alimtangulia kuisoma, akasema moyo umepanuka, akauliza nani amepiga picha hii maana imenyooka vizuri. Alitibiwa kwa muda mrefu, akalazwa na kuruhusiwa mara kadhaa, na Septemba 2023 alipolazwa tena daktari aliieleza familia kwa upole kwamba safari hii hatapona, na asihamishwe. Marehemu aliomba aambiwe na yeye, akaambiwa, kisha akamwambia mumewe kwamba hana malalamiko, watoto wamekua, pensheni inakuja, ila linamuuma jambo moja la kitoto, kuondoka bila kumwona hata mara moja yule mwanamke akikaa kwenye kiti chake.

Fundi redio alitoka, akaenda kwa Kofia, ambaye alikuwa anafanya mazoezi ya toleo lake la nne lililopangwa kufunguliwa Novemba, na wakakubaliana kwamba kama mgonjwa haendi ukumbini, ukumbi utaenda kwa mgonjwa. Muuguzi mkuu alitafuta nafasi iliyo karibu na wodi, akawapa chumba kilekile cha giza, ambacho tangu zije mashine za kompyuta kilikuwa kimegeuzwa chumba cha mikutano.

Jumamosi tarehe 23 Septemba 2023, saa kumi jioni, marehemu alisukumwa hadi mstari wa mbele, na kaka yake akakaa kushoto kwake. Alitazama kama alivyotazama siku zote, kidevu juu, hakimu mtupu. Binamu daktari alipoingia na joho lake kumchukua bibi arusi, marehemu alifumba macho, akanong'ona, "Haya, tumerudi kulekule," lakini bibi arusi alimshukuru binamu, akamwonyesha ngazi, akamwambia ashuke taratibu asijikwae. Marehemu alifumbua macho. Akamshika kaka yake mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni.

Sasa Kofia alikuwa ametengeneza dirisha la kuigizia la pazia, lakini alipoliona chumbani dirisha la kweli, lenye kioo cheusi, alimwambia mwigizaji aache pazia afungue hilo, na hakuna aliyelijaribu kwa sababu wagonjwa walikuwa wameshaanza kuingizwa. Binti wa watu akapandisha komeo. Halikutoka. Akapandisha tena, akatia nguvu, jasho likamtoka kweli si la kuigiza, na Kofia akasimama kule nyuma kuzima taa, mchezo uishe na bibi arusi akiwa amefungiwa ndani.

Marehemu akainuka. Muuguzi alitaka kumzuia, mumewe akamwambia, "Mwache." Alitembea mwenyewe hadi dirishani, akamsogeza yule binti kwa bega kama anavyosogezwa mwanafunzi wa zamu, akasema, "Komeo hili niliweka mimi," akalishusha, akasukuma kwa viganja viwili, na dirisha lililofungwa tangu 1973 likafunguka, jua la jioni likaingia hadi ukuta wa nyuma pamoja na kelele za maegesho na upepo. Mwigizaji alikuwa amesahau maneno yake. Kiti kilikuwa pale, marehemu akakikalia, akatutazama wote, akasema, "Leteni chai." Na mhudumu wa wodi, aliyekuwa amesimama mlangoni na toroli lake, akamletea.

Watu walipiga makofi hadi wodi ya juu wakauliza kuna nini. Kofia alikuja mbele, akavua kofia, tukamwona upara kwa mara ya kwanza, akauliza amepata ngapi. Marehemu alimaliza kwanza chai. "Sikupi kitu," akasema, "mle ndani nimecheza na mimi, na siwezi kujipa alama mwenyewe." Kofia alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Usiku ule marehemu alimsomea binti yake mkubwa uhakiki wa mwisho, ukapelekwa mtandaoni, na penye alama pameachwa wazi, na familia imekubaliana pabaki hivyo.

Marehemu alifariki Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2023, saa moja asubuhi, usingizini, mumewe akiwa pembeni. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na kaka mmoja.

Familia inawashukuru daktari wa moyo kwa kumwambia ukweli, muuguzi mkuu na wauguzi wote wa wodi, mhudumu wa toroli, wafanyakazi wenzake wa idara ya eksirei ambao wamekwangua rangi nyeusi kwenye kile kioo na kuamua komeo libaki kama lilivyo, majirani waliopika na kulala nasi siku zote hizi, na Kofia na kundi lake, waliokaa pale nyuma, ambao Novemba watafungua mchezo wao na wametuhifadhia kiti kimoja mstari wa mbele.

Dada, umepanda ngazi zote na dirisha liko wazi. Kaa, upumzike kwa amani.