Sanduku la Glopu Nampa Kadii

Liwasheni kwanza hilo sanduku, kisha mkae. Omar, usinitazame hivyo, homa haijanila akili. Bonyeza swichi uliache lipate moto polepole, maana sanduku la glopu la kukuzia sauti si kama redio zenu za siku hizi zinazoropoka ukizigusa tu; hili ni mtu mzima, halisemi mpaka damu ilizunguke. Nami leo ni hivyo hivyo. Shekha, niinulie mto. Na wewe Kadii, umekaa hapo kizingitini kama aliyekuja kuomba chumvi. Ingia, mkaza mwanangu, uketi karibu na miguu yangu, kwani neno langu la leo halipigiwi kelele.

Sikizeni basi. Juu ya nyumba hii ya Shela na minazi kumi na minne ya Mambrui sina la kusema. Mungu keshagawa, na kadhi atawasomea. Mrithi hausiwi mali, ndivyo nilivyofundishwa chuoni kabla baba hajanitoa nikakune nazi. Lakini theluthi ni yangu, nampa nimtakaye asiyenirithi, na nitakachotoa katika theluthi hiyo ni sanduku lile, na kinanda cha mdomo kilicho ndani ya kopo la nyuzi, na maikrofoni yake. Nawasikia mkinong'ona barazani, mwadhani ugonjwa umeniziba masikio. Omar ataka kuliuza kwa Wataliani wa hotelini wapendao vitu vikuukuu. Shekha ataka kuliweka sebuleni, alitandikie kitambaa. Kitambaa! Ngojeni, kitambaa nitakifikia.

Mwamkumbuka Musyoka, yule Mkamba aliyepanga chumba cha uani baba yenu alipokufa. Jioni alipiga gitaa hotelini. Mchana alikaa chini ya kamba yangu ya nguo akipiga kinanda cha mdomo kupitia sanduku hilo la gitaa, nyimbo za watu weusi wa Amerika alizozitoa kwenye santuri za mabaharia, mwenyewe akiziita bluzi. Eda yangu ilikuwa imekwisha juzi tu, nami nakanda unga wa mahamri, nikasikia sauti inayolia na papo hapo inakucheka. Nikamwambia, "We Mkamba, dude lako laugua kikohozi." Akanijibu, "Mama Omar, hicho kikohozi ndicho ninachokitafuta." Nikauacha unga nikaketi chini, mimi nisiyekatishwa kazi na mtu, kwa kuwa sauti ile ilikuwa yangu, ilikaa kooni mwangu tangu siku tuliyomzika baba yenu Awadh, na sikujua yeye ameitolea wapi.

Alinifundisha miaka miwili, majirani wakisema wayasemayo majirani. Siku ya kurudi kwao akaniachia vyote. Haya aliyonifundisha nawe uyashike, Kadii, ingawa nusu unayajua. Wengi hudhani kinanda kile hupulizwa. Kupuliza ni kwa watoto. Utamu wake u katika kuvuta, tena uvute kama mtu anayemeza chozi mbele ya wageni, ndipo sauti ipinde. Kinanda chetu kina herufi iliyo kama mwezi mwandamo, na mwenye gitaa apige sauti ya ile nyingine, mwezi wenye jino ndani. Usiniulize kwa nini, mimi sikusoma, najua tu kwamba hapo ndipo huzuni hupata pa kukaa. Kile kidude cha sauti kisipite nne. Ukali wa juu uushushe karibu wote, maana sanduku lilitengenezewa gitaa, na mdomo una ukali wake wenyewe, wangu mwaujua. Maikrofoni uifumbate pamoja na kinanda kwa viganja viwili, kama unavyomfumbata kifaranga, pasivuje hewa. Ukilikabili sanduku uso kwa uso litakupigia ukelele wa mke mwenza. Rudi nyuma, ukae ubavuni. Na maikrofoni hiyo kuukuu usiibadilishe. Omar aliniletea mpya inayong'aa, ikalia kama mbu ndani ya mtungi.

Ukifanya hivyo, glopu zitakuwa zapumua nyuma yako, nyekundu kama makaa chini ya jivu. Mara nyingi nikifumba macho nimeziona zikawa madirisha, mji mzima wa madirisha, na katika kila dirisha mtu ninayemjua ananisubiri nimalize wimbo. Hata sasa naziona. Mama yangu yuko pale, achambua mchele, hana haraka.

Nirudi. Shekha, harusi yako, mwaka wa thamanini na tatu. Ua umejaa wanawake, wanaume wamefukuzwa, kila mmoja amekuja na shingo yake ya dhahabu. Kadii ndiye aliyepiga, kwa kuwa pumzi zangu zilikuwa zimeanza kunisaliti, na wale mabibi wote wenye midomo wakatulia kama maji ya kisima. Kisha katikati ya wimbo sanduku likagugumia, pakanuka nywele za kuungua, kimya. Watu wakamtazama yeye. Nami, mbele ya ua mzima, nikasema, "Mkono wa jembe haushiki kioo." Akaniambia, "Mama, mimi nimepiga tu kama ulivyonifunza." Nikamgeuzia mgongo. Asubuhi akamchukua mjukuu wangu Tumu mgongoni akarudi kwao Ganda, na wewe Omar, mume wa watu, ukabaki hapa unakunywa chai yangu.

Shekha, tia mkono chini ya godoro. Hapo, upande wa ukuta. Kitoe, wakione.

Ni kitambaa changu cha kufuma, kile cha maua, na hilo tundu jeusi mwaliona. Sikutaka wake za watu wakaone mgongo mtupu wa sanduku, nyaya nje kama matumbo ya samaki. Nikalifunika vizuri nyuma kama tunavyofunika redio, kisha nikaliwekea chetezo cha udi hapo hapo chini, ua unukie. Pumzi yake nimeiziba kwa juu, moto nimelitia kwa chini. Nilikiona kitambaa asubuhi ile ile, kimegandana na glopu iliyopasuka, kabla Kadii hajafika hata njia kuu. Ningeweza kumpigia kelele arudi. Nilikikunja nikakilalia. Fundi Thuku alitia glopu nyingine, sanduku likapona, mimi sikupona. Miaka mitatu nimelala juu ya kitambaa hiki, na godoro hili la sufi limekuwa la mawe. Mjukuu wangu ameng'oka meno akaota mengine, sijui hata moja.

Kadii, hukukosa. Nimekosa mimi. Nasema mbele yao kama nilivyokutukana mbele ya watu. Na mkishanizika, Shekha, uwaambie wanawake wa ua ule, mmoja mmoja. Kadii, mkweo huyu hajui kuomba msamaha, hakuna aliyemfundisha. Ukinipa nitashukuru, ukininyima ni haki yako. Sanduku ni lako kwa vyovyote. Ni kwa kuwa hunirithi ndipo naweza kukupa. Omar, usimwambie arudi. Nenda Ganda kwa miguu yako, umwombe radhi baba yake, mzee Mramba, ukae chini kwenye mkeka, usikilize atakalokwambia.

Limepata moto? Nasikia linavuma... kama nyuki, mbali. Kadii, nipigie. Usiogope, Omar, wakati wa Yasini utafika. Vuta, mwanangu, usipulize. Ah... hapo. Nne, nilisema, isipite nne.

Mungu awape pumzi, wanangu... ya kuvuta na ya kutoa. Awape maneno mapema... msiyalalie.

Madirisha yamewaka yote. Nikinyamaza, mwacheni amalize wimbo. Kisha lizimeni... mnifunike mimi. Lile... lile msilifunike.