Mwalimu Leticia na Sauti Aliyoitia Kwenye Kompyuta

Wafiwa wenzangu, mimi ndiye mama yake marehemu, nimesimama sina karatasi, kusoma sijui, na karatasi za wasifu wake zimeandikwa mbili, moja ya mkwe wangu Noa, moja ya mwanangu Bryson, hazielewani, ndio mchungaji akasema basi mama aseme kwa mdomo.

Leticia nilimzaa tarehe 14 Machi 1989, kambi ya mkonge, Pangani, baba yake marehemu Asheri alikuwa mkata mkonge, akaanza darasa la kwanza 1997, la saba akamaliza 2003, kidato cha nne 2007, akenda ualimu, 2011 akapangiwa Mkwaja, akafunga ndoa na Noa tarehe 6 Desemba 2014, mwaka 2017 akahamia Nguvumali, darasa la awali, na 2019 akamzaa Precious, ndiye huyo huyo mmoja.

Hapo Nguvumali akawa anasomesha watoto kwa kompyuta, alitia sauti yake mwenyewe, mtoto akibonyeza B anamsikia Leticia, ba be bi bo bu, zile Q na X kazibandika plasta, kasema hizo kwetu hazina kazi, mkaguzi akaja akauliza mbona zimebandikwa plasta, watoto wakamwambia, shikamoo, hizo zinaumwa.

Figo zilimshika Septemba 2024, akabaki nyumbani anamsomesha Precious kitandani kwa kompyuta yake, wakafika nga nge ngi, ng'a hawakuigusa, tarehe 9 Juni 2025, alfajiri, akatutoka.

Hili nalisema hapa kwa sababu nyumbani hawanisikii. Kompyuta kaichukua Bryson, anasema dada yangu nilimpa mimi, waya wa kuchajia kaushika Noa, anasema mke wangu, mali yangu, chaji imeisha tangu juzi, Precious anamfuata mjomba wake, anabonyeza B, kimya, ananiuliza, "Bibi, mama kanuna?" Nimempigia magoti Noa, nimempigia magoti Bryson, kila mmoja anasema aanze yule, kuwaamua nimeshindwa, na kumsomesha mtoto siwezi, hiyo B yenyewe naonyeshwa na yeye.

Madaktari na manesi mliomhangaikia, asanteni, majirani mliotupikia siku zote hizi, walimu wenzake mliobeba jeneza, Mungu awalipe, mimi sina cha kuwapa.

Leticia mwanangu, pumzika wewe kwa amani, sisi huku imetushinda.