Maman Euphrasie, Aliyeuliza Kwenu Munaombea Nani

Papa na maman, ndugu na marafiki mliotoka Matonge, Berchem na hata Liège, familia imenituma mimi, Kazadi, mkwe wa marehemu, mume wa binti yake Tatiana, niwasomee maisha ya Maman Euphrasie Nsimire Bagalwa, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda maneno ya kupambwa, nitayasema kama yalivyokuwa, hata pale yanapouma.

Maman Euphrasie alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Kadutu, mjini Bukavu, mtoto wa nne wa Papa Bagalwa, fundi mwashi, na mama aliyeuza vitenge sokoni. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kadutu kuanzia 1968 hadi 1974, kisha akaingia masomo ya uuguzi, akahitimu Julai 1980, na Septemba mwaka huo akaanza kazi katika kituo cha afya cha mtaa wao, ambako alijulikana kwa mdomo mkali na mkono mwepesi, mpaka watoto wakawa wanaogopa maneno yake kuliko sindano yake.

Tarehe 22 Desemba 1984 alifunga ndoa na Papa Jean-Marie Cikuru, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto wawili, Tatiana mwaka 1987 na Aaron mwaka 1991. Novemba 1998 vita ilimchukua Papa Jean-Marie, na mpaka leo hatuna kaburi la kuwaonyesha wajukuu. Maman alikimbia na watoto wake, akafika Brussels tarehe 3 Februari 2002, na kwa kuwa diploma yake haikutambuliwa, yeye aliyezalisha nusu ya mtaa alianza upya kuwaogesha wazee katika nyumba moja ya wazee ya Berchem-Sainte-Agathe, kazi aliyoifanya bila kunung'unika hadi mwaka 2018, mgongo ulipogoma.

Hapo ndipo alipojiunga na asbl moja ndogo, yaani shirika lisilotafuta faida, lenye ofisi karibu na Galerie d'Ixelles, ambalo huzunguka nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana tension, yaani presha ya damu, nani ana sukari, nani hana daktari, kisha kuweka majibu kwa rangi kwenye ramani, ili wenye kugawa wauguzi waone ni mitaa gani imesahauliwa. Mwaka wa kwanza vijana wa asbl walipita kwa familia zetu za Koekelberg, wakapewa kiti, wakapewa chai, na kila mlango ukawajibu, "Tuko bien, tunashukuru Mungu." Ramani ikatoka nyeupe kana kwamba sisi hatuugui, na wauguzi wakapelekwa kwingine. Tunajijua wenyewe, muntu hasemi ugonjwa wake mbele ya jirani, maana kesho utasikia amelogwa, na Jumapili kanisani watu watahama viti vilivyo karibu naye.

Maman alipoiona ramani ile alikasirika sana. "Kanisa nzima iko na tension, alafu ramani inasema tuko wazima," aliwaambia, na tangu siku hiyo akabadilisha swali. Alikuwa anaingia, anakaa, anamaliza chai, anauliza habari za nyumbani, kisha anasema polepole, "Maman, humu kwenu munaombea nani?" Midomo ikafunguka. Wakamtaja tonton, yaani mjomba, anayevimba miguu, wakamtaja nyanya asiyeona vizuri, hakuna aliyejitaja mwenyewe lakini kila mmoja alimtaja mwenzake, na kufikia mwisho wa 2019 mitaa ya nyuma ya Basilika ya Koekelberg ilikuwa nyekundu kwa wagonjwa. Mwaka 2021 wauguzi wakaanza kuja katika ukumbi wa parokia, na wengi mlioko hapa, pamoja na mimi, tuligunduliwa tension yetu pale.

Sasa tumefika mahali pagumu. Kuanzia mwaka 2023 Maman mwenyewe alikuwa mgonjwa na alijua, kwa maana alikuwa muuguzi, lakini hakumwambia mtu. Alivaa vitenge virefu, na Tatiana alipomuuliza kuhusu miguu yake iliyovimba alivisingizia viatu. Jumamosi tarehe 18 Januari 2025 mwenzake wa asbl, Maman Sidonie, alibisha nyumbani kwetu Koekelberg alikokuwa anaishi nasi, Tatiana akamfungulia, na Sidonie akauliza lile swali kama alivyofundishwa. Tatiana akamtaja Aaron na pumu yake, akanitaja mimi, akamtaja shangazi wa Bukavu. Maman alikuwa jikoni anasonga bugali, anasikia yote, na Sidonie anasema alitoka na kahawa huku anatabasamu. Nyumba yetu ikaandikwa kwa majina yale, Sidonie akaenda mlango wa pili.

Tarehe 6 Machi alianguka bafuni, na hospitalini madaktari wakakuta figo zote mbili zimekwisha. Tatiana akamuuliza kwa machozi kwa nini alinyamaza, naye akajibu, "Nani angeniuliza? Ni mimi naulizaka." Tarehe 29 Machi 2025 alfajiri alituacha, akiwa na miaka 63, ameacha watoto wawili na wajukuu watatu. Tuna huzuni, na tuna hasira pia, na sehemu ya hasira hiyo ni kwake yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia kwa siku zile za mwisho, majirani wa ngazi yetu waliopika bila kuombwa, wenzake wa nyumba ya wazee, wanakwaya, na asbl yote, ambao leo, wakati wa chakula, watapita mezani kuwauliza. Tunawaomba, msianze na tonton, kila mtu aanze na nafsi yake.

Sisi tumekwisha kuulizwa upya, jana jioni. Tatiana alipoambiwa ataje anaombea nani, jina la kwanza lililomtoka ni la mama yake, na Maman Sidonie akabaki na kalamu mkononi, kwa sababu ramani haina rangi ya mtu aliyekwisha kwenda.

Maman Euphrasie, tumechelewa kukutaja, lakini tumekutaja. Pumzika kwa amani.